Sehemu ya Nne ya Diski

Wageni wale wawili walifika ofisini kwetu Dodoma siku ya Alhamisi, hata sijamaliza kufuta vumbi mezani. Mmoja alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji chao, mzee mwenye kofia ya kufuma na koti lililomzidi mabega. Mwenzake alikuwa mama, mjumbe wa kamati hiyohiyo, ameshika ndara mkononi kwa sababu moja ilikatika mkanda pale stendi. Walikuwa wametoka Kondoa na basi la alfajiri, na siku moja kabla ya hapo walishuka kwa miguu kutoka milimani.

"Shikamooni," nikawaambia.

"Marahaba, binti," wakajibu kwa pamoja. Yule mama akauliza, "Hapa ndipo zilipo habari za visima?"

"Ndipo penyewe, mama. Karibuni mkae."

Ofisi yetu ilitunza kumbukumbu za visima vya nyanda zote za kati. Kila shimo lililowahi kuchimbwa na wataalamu lilikuwa na rekodi yake: liko wapi, lina kina gani, mwamba wake ni wa aina gani, maji yalipatikana mita ya ngapi, na ni maji baridi au ya chumvi. Kwa watu wa huku hilo la mwisho ndilo kubwa. Mnaweza kuchimba mwezi mzima, mkashangilia maji yakitoka, halafu ng'ombe akanusa na kugeuza kichwa.

Mwenyekiti akaeleza shida yao. Kijiji kilikuwa kimepata mfadhili wa kisima kimoja. Zamani sana, serikali ilipima maji sehemu mbili pale kijijini, moja karibu na shule na nyingine kwenye korongo, kisha mitambo ikaondoka na mashimo yakafukiwa. Sasa mkandarasi alitaka karatasi ya vipimo vile kabla hajaleta gari lake. Na kijiji kilikuwa kimegawanyika: wanaokaa karibu na shule wanataka kisima shuleni, wa bondeni wanataka korongoni.

"Sisi hatutaki maneno zaidi," mzee akasema. "Tunataka karatasi. Karatasi haina ukoo."

Nikacheka, nikageukia kompyuta na kuandika jina la kijiji. Badala ya rekodi, likaja sentensi moja kwamba hakuna nafasi kwenye diski. Nikajaribu tena, jibu likawa lilelile. Mfumo ule haukuweza hata kukutolea rekodi ya zamani bila kwanza kuandika faili la muda pembeni, na pa kuandika hapakuwepo.

Niliwaomba warudi Jumatatu. Mama yule aliitazama ndara yake, akamtazama mwenyekiti, akasema watalala kwa ndugu yake, Chang'ombe ya hapahapa Dodoma. Hawakulalamika, na nadhani ndiyo maana neno langu lilinibana. Nilikuwa nimetaja Jumatatu bila kumuuliza mtu.

Niseme kidogo nilifikaje kwenye kiti kile. Mimi nilizaliwa Kondoa mjini, kwenye nyumba ya wafanyabiashara. Babu wa babu yangu alikuja na misafara, akaoa hapo, akabaki. Kirangi changu ni cha sokoni, kinatosha kununua mbaazi na kutania. Nilikuja Dodoma kuwa mpiga chapa, na tulikuwa watano chumba kimoja, mashine zinalia kama mvua ya mawe juu ya bati. Kisha ikaja miaka ya soko huria. Wafanyakazi wakapunguzwa, na katika wale watano nikabaki peke yangu. Sikubaki kwa bahati. Nilikuwa nimeshaanza kusoma kompyuta mtaa wa Makole, kila jioni baada ya kazi, kwenye chumba cha nyumba ya mtu kilichokuwa na mashine tatu na wanafunzi kumi na moja. Mradi mmoja wa wafadhili wa maji ulipotuletea kompyuta ofisini, ni mimi niliyeingiza rekodi za zamani kutoka kwenye karatasi, moja baada ya nyingine, karibu mwaka mzima. Ilipokuja seva, ile kompyuta kuu ya kutunzia rekodi zote, mtaalamu wa mradi aliifunga kwa siku mbili, akanikabidhi kitabu cha maelekezo na nywila, akapanda ndege.

Soko huria hilohilo ndilo lililoijaza diski. Zamani mitambo ya kuchimba ilikuwa ya serikali tu, na aliyehitaji rekodi alikuwa mhandisi wa wilaya. Sasa kampuni binafsi zilikuwa zinachimba kila kona, na kila moja ilitaka ramani, michoro ya miamba na picha za karatasi za zamani. Tukaanza kupiga picha karatasi hizo na kuziweka kwenye seva. Picha zinakula nafasi, na mimi nilikuwa nimeiona siku ile inakuja. Nilikuwa nimeandika barua mbili kwa mkuu wa ofisi, zote zikarudi na maneno "subiri mtaalamu".

Nilimkuta mkuu wetu ofisini kwake, anasoma gazeti huku kalamu iko sikioni. Alikuwa mhandisi wa visima wa miaka mingi, mtu mwema, mwenye hofu moja tu maishani: kitu chochote chenye waya mwingi.

"Injinia, seva imejaa," nikasema. "Imekataa kufanya kazi."

"Nimpigie yule mtaalamu wa Dar?"

"Nimeshampigia, akasema wiki tatu hata kabla hajajua tatizo ni nini. Mimi naweza kuitengeneza Jumamosi hii."

Akaishusha kalamu. "Wewe?"

"Mimi. Diski ina nafasi, tena zaidi ya nusu ni tupu. Tatizo ni namna ilivyogawanywa."

Nilimchorea nyuma ya bahasha. Diski za wakati ule zilikuwa na jedwali dogo mwanzoni mwake, na jedwali hilo liliruhusu sehemu kuu nne tu. Ukishaandika ya nne, basi, hata diski iwe kubwa kama uwanja. Mtaalamu wa mradi alizitumia zote nne. Ya kwanza ilikuwa ya kuwashia mashine. Ya pili, ndogo, ya rekodi zetu. Ya tatu ilikuwa ya mfumo wenyewe, na ya nne ilikuwa ya kupumulia, yaani mahali ambapo kompyuta inaweka vitu kwa muda kumbukumbu yake ikielemewa. Baada ya hapo aliacha eneo tupu hadi mwisho wa diski, labda akifikiri atarudi. Rekodi zetu zilikuwa zimebanwa katikati, haziwezi kusogea mbele wala nyuma, na lile eneo tupu halikuwa na mstari wa kuandikiwa kwenye jedwali.

"Sasa utaliingiaje?" Injinia akauliza. Alianza kupendezwa, nikaona.

"Naifuta ya nne. Ile haina kitu cha mtu, mashine ikizimwa inakuwa kama ubao uliofutwa. Mahali pake naandika sehemu ya aina nyingine, sehemu-mama, inayoruhusiwa kubeba sehemu nyingine ndani yake. Hiyo nainyoosha hadi mwisho wa diski. Ndani yake naweka tena ya kupumulia, na iliyobaki naikabidhi kwenye kapu."

"Kapu gani?"

"Kuna mpango mpya, Injinia. Badala ya kumpa kila mtu kiwanja chenye mipaka ya zege, unaweka nafasi yote kwenye kapu moja, kisha unakata kiasi unachohitaji leo. Kesho ukihitaji zaidi unaongeza. Diski mpya ikija, nayo unaitia kapuni. Rekodi hazijui zimelala diski ipi."

Aliigeuza bahasha huku na huku. "Na ukikosea?"

"Nitakuwa na nakala kwenye sidii. Na zile karatasi bado ziko masjala."

Hakuniambia ndiyo. Aliniambia, "Uanze asubuhi, siyo mchana watu wakiwa wamechoka," na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa ndiyo kubwa kabisa.

Sikuwa najitapa. Miezi kadhaa nilikuwa nikifanya mazoezi nyumbani kwangu Ipagala, kwenye kompyuta mbovu niliyopewa ofisi ilipotaka kuitupa. Kurasa za maelekezo nilizichapisha kwenye kafe ya intaneti mjini, nikazitoboa na kuzifunga kwa uzi. Niliigawa diski ile ya zamani na kuigawanya upya hadi nikaiua mara nne. Mara ya kwanza nililia kidogo, mara ya nne nilikuwa nacheka peke yangu, kwa sababu nilishajua kosa liko wapi kabla mashine haijaniambia. Namba za aina za sehemu nilizikariri kama nilivyokariri sura fupi za Kurani chuoni nikiwa mtoto: themanini na tatu ni mafaili ya kawaida, themanini na mbili ni ya kupumulia, tano ni sehemu-mama, nane na herufi e ni ya kwenda kapuni.

Jumamosi nilifika saa moja na nusu. Aliyenifungulia mlango alikuwa mama wa masjala, mjane wa Kigogo aliyekuwa ametunza majalada ya ofisi ile tangu mimi sijaanza shule. Hakuwa na kazi siku hiyo. Alikuja kwa sababu alisikia naenda "kuifungua ile mashine", na rekodi za majalada yake zilikuwa ndani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nitakaa pale." Akaweka kiti mlangoni, akatoa ukili na kuanza kusuka.

Ijumaa nilikuwa nimeshaandika sidii kumi na mbili na kuzijaribu moja moja. Sasa nikasimamisha kila kitu, nikaizima ile sehemu ya kupumulia, nikafungua programu ya kugawa diski. Uzuri wa programu ile ni kwamba inakuruhusu kufuta na kuandika utakavyo, na hakuna kinachotokea kweli mpaka ubonyeze herufi moja ya mwisho. Nikafuta ya nne. Nikaandika sehemu-mama, na ndani yake mbili, ndogo na kubwa. Ile kubwa nikaipa alama ya nane na e. Nikalisoma jedwali kwa sauti, mstari kwa mstari, kidole kikiwa kwenye kioo.

"Mbona unasoma kama mtu anayeapa?" mama wa masjala akauliza.

"Nikibonyeza hapa, mama, hairudi."

"Basi soma tena."

Nikasoma tena. Nikabonyeza. Mashine ikasema imeandika, ila yenyewe itaendelea kutumia jedwali la zamani mpaka iwashwe upya. Nikaiwasha upya. Dakika zile mbili, mashine ikinguruma na kioo kikiwa cheusi, nilihesabu sekunde. Kisha maandishi yakaanza kushuka, na rekodi zetu zikawa palepale zilipokuwa.

Kilichofuata kilikuwa kazi ya furaha. Nikaikabidhi ile sehemu kubwa kwenye kapu, nikalipa kapu jina, nikakata kipande kinachotosha rekodi mara tatu, nikaacha kiasi bila kukigawa. Nikaanza kunakili. Katikati ya kunakili, umeme ukakatika.

Betri ya akiba ililia mlio mmoja mrefu, ikanyamaza. Ilikuwa imekufa kitambo, na hakuna aliyejua.

Mama wa masjala aliacha kusuka. "Zimekwenda?"

"Hazijaenda popote," nikamwambia, na sauti yangu ilitoka imara kuliko nilivyotarajia. "Nilikuwa nanakili, sihamishi. Za mwanzo ziko mahali pake. Umeme ukirudi nitafuta hizi nusu na kuanza upya."

Umeme ulirudi baada ya saa moja na nusu, muda uliotutosha kunywa chai na kula kalimati alizoleta. Nikaanza upya, na saa nane mchana kazi ilikuwa imeisha. Idadi ya mafaili ilikuwa ileile upande wa zamani na upande mpya, ukubwa uleule. Nikampungia mkono.

"Tayari, mama. Twende nyumbani."

"Tayari kwa nani?" akauliza. "Mashine imejihesabu yenyewe, ikasema yenyewe kwamba iko sawa. Mimi nataka kuona."

Nilichoka, lakini nilimheshimu. Tukakubaliana atoe majalada ishirini anayotaka yeye, anisomee, mimi nifungue rekodi kwenye kompyuta tulinganishe. Alichagua bila mpango, mkono ukivuta tu. Kumi ya kwanza yalikuwa sawa hadi nukta, nikaanza kujisikia. Kisha nikakumbuka wageni wangu wa Alhamisi, nikamwomba atoe jalada la kijiji chao, nipate kuwaandalia karatasi yao mapema.

Akasoma, miwani ikiwa puani. "Shimo la kwanza. Karibu na shule. Mita tisini na moja. Maji ya chumvi, hayafai."

Mimi mbele yangu nilikuwa na maneno: karibu na shule, mita sitini na nne, maji baridi.

"Rudia, mama."

Akarudia. Akasoma na la pili: korongoni, mita sitini na nne, maji baridi. Kwenye kompyuta korongo ndilo lililokuwa na chumvi. Mistari miwili ilikuwa imebadilishana nafasi.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba umeme umeharibu kitu. Nikafungua upande wa zamani, ambao sikuugusa. Ulikuwa na kosa hilohilo. Nikafungua sidii ya Ijumaa, nayo ilikuwa hivyohivyo. Mwisho nikatazama kona ya rekodi, mahali mfumo unapoandika herufi za aliyeiingiza. Zilikuwa herufi zangu.

Nilikaa. Ilikuwa rekodi niliyoichapa mimi, katika mwaka ule wa karatasi kwa karatasi, labda saa ya njaa, labda jicho liliruka mstari. Diski niliyojivunia kuigawa bila kupoteza hata herufi moja ilikuwa imelibeba kosa langu kwa uaminifu kabisa na kulifikisha salama upande wa pili. Na lililonitia baridi zaidi lilikuwa hili: kama seva isingejaa Alhamisi, ningemkabidhi mzee yule karatasi ileile, yenye muhuri, naye angeondoka akinishukuru. Wangechimba shuleni. Wa bondeni wangenyamazishwa na karatasi isiyo na ukoo.

Mama wa masjala hakusema "nilikwambia". Alivua miwani, akaifuta kwa kanga. "Mwezi gani huo ulioandika?"

Nikamtajia.

"Basi Jumatatu tunaanza na mwezi huo, wote. Mimi nasoma, wewe unatazama."

Jumatatu nilimfuata Injinia kabla hajakaa. Nilimwambia kwanza kwamba seva inafanya kazi, halafu nikamwambia lile lingine, na kwamba kosa ni langu. Nilikuwa nimejiandaa kwa ukali. Alivuta kiti, akakaa, kisha akauliza, "Umeshalisahihisha?"

"Sijaligusa. Nilitaka ulione kwanza, na jalada lenyewe."

Akasimama, tukaenda naye masjala. Alisoma karatasi ile iliyofifia, akatambua mwandiko wa fundi aliyepima, mtu aliyewahi kufanya naye kazi, akasaini pembeni. Nikasahihisha mbele yake.

Wageni walikuja saa nne. Ndara ya mama ilikuwa imeshonwa kwa uzi wa buluu. Niliwapa karatasi, na sikuwaficha. Niliwaeleza kwamba Alhamisi ningewapa isiyo sahihi, na kwamba niliyekosea ni mimi. Mwenyekiti aliisoma taratibu, midomo ikichezacheza, akaisoma mara ya pili, kisha akamkabidhi mwenzake.

"Korongoni," mama akasema.

"Korongoni," mzee akakubali. Akanigeukia. "Mimi nakaa karibu na shule, binti. Nilikuwa naomba Mungu isomeke vingine." Akaikunja na kuiweka mfuko wa ndani wa koti. "Lakini ungeweza kuninyamazia, na hukuninyamazia. Nitawaambia hivyo kijijini."

Uhakiki wetu ulichukua miezi miwili, saa mbili kila siku, mama akisoma na mimi nikitazama. Tulikuta makosa mengine machache, mengi ya tarehe na tahajia, na mawili ya maana. Nikaweka sheria kwamba hakuna rekodi itakayoingia bila mtu wa pili kuisoma kwa sauti, na Injinia akaitia saini kama vile wazo lilikuwa lake. Ile sehemu ya zamani iliyokuwa imebanwa katikati nikaibadilisha alama, nikaitia nayo kapuni. Mwaka uliofuata ilikuja diski ya pili. Niliifunga, nikaiongeza, nikainyoosha nafasi ya rekodi katika muda wa chakula cha mchana, na watu waliporudi kutoka kula wakaendelea na kazi bila kujua kumetokea nini.

Kabla ya hapo, kiangazi kilipokuwa kikali, Injinia alipata safari ya kukagua visima vya Kondoa, akaniambia niingie kwenye gari. Tulifika kijiji kile mchana. Pampu ya mkono ilikuwa korongoni, na wanawake wa pande zote mbili walikuwa kwenye foleni, wanabishana nani ametangulia. Mama mjumbe wa kamati aliniona kwanza. Alininawisha mikono, akanipa kikombe cha bati kilichojaa, akasimama mbele yangu mikono kiunoni, akingoja ninywe.

Nilikunywa chote, nikaomba kingine.